Mwongozo kamili wa kuishi chini ya HOA Marekani: uanachama, ada, kanuni na namna ya kujibu barua ya kwanza ya onyo

Waswahili wengi walionunua nyumba Marekani hukwama mahali pamoja. Barua inafika kutoka HOA, yaani jumuiya ya wenye nyumba wa mtaa, ikidai faini au kukemea jambo fulani. Mwenye nyumba anaona ameonewa, anaamua kusitisha malipo ya ada mpaka asikilizwe, na miezi michache baadaye deni lililokuwa dogo limevimba kwa riba na gharama za mawakili, huku nyumba yenyewe ikiwa imeandikiwa zuio, yaani dai la deni lililofungwa kwenye nyumba, katika kumbukumbu za kaunti.

Kosa liko katika kuchanganya mambo mawili ambayo sheria inayatenganisha. Ada hulipwa kwa tarehe yake hata kama una ugomvi na bodi. Faini na maamuzi ya bodi hupingwa kwa maandishi, kabla ya siku ya mwisho iliyowekwa. Hatua zote zilizo hapa chini zimejengwa juu ya tofauti hiyo, kwa hiyo zifuate kwa mpangilio wake.

## Vitu vya kuandaa

Kusanya nyaraka hizi kwanza. Bila hizo utakuwa unabishana kwa kumbukumbu za kichwani, na bodi itakuwa inabishana kwa karatasi.

- Hati ya umiliki ya nyumba yako.
- Tamko la masharti, yaani hati inayozifunga nyumba za mtaa kwa masharti ya pamoja, lililoandikishwa kaunti, ambalo kwenye nyaraka nyingi utaliona kwa kifupi CC&R, pamoja na marekebisho yake yote.
- Katiba ya jumuiya, kanuni zilizopitishwa na bodi, na mwongozo wa usanifu kama upo.
- Bajeti ya mwaka huu, taarifa ya fedha ya mwaka uliopita, na tathmini ya akiba ya matengenezo makubwa.
- Kumbukumbu za mikutano ya bodi za angalau mwaka mmoja.
- Mkataba wa bima yako na muhtasari wa bima ya jumuiya.
- Faili moja, la karatasi au la kwenye kompyuta, litakalotunza kila barua, risiti na picha.

Tamko la masharti linapatikana katika ofisi ya kumbukumbu za ardhi ya kaunti, na mara nyingi kwenye tovuti yake. Nyaraka nyingine huombwa kwa muuzaji, kwa kampuni ya usimamizi au kwa bodi. Ziombe kwa barua pepe ili ombi lako liwe na tarehe.

## Hatua ya 1: Thibitisha uanachama wako

Katika HOA nyingi hakuna fomu ya kujiunga. Uanachama umefungwa kwenye ardhi: siku unayopokea hati ya nyumba unakuwa mwanachama, na siku unayoiuza unaacha kuwa mwanachama. Huwezi kujiondoa kwa kuandika barua, kwa kutotumia bwawa la kuogelea, wala kwa kusema hukuambiwa. Tamko likishaandikishwa kaunti, sheria humchukulia mnunuzi kuwa amearifiwa, hata kama hakulisoma.

Zipo pia jumuiya za hiari, hasa katika mitaa ya zamani. Hizo huomba mchango na mtu anaweza kukataa. Tofauti utaipata katika kumbukumbu za kaunti na si kwa jirani: tafuta kama kiwanja chako kimetajwa katika tamko linalotaja uanachama wa lazima na haki ya kudai ada.

Angalia mambo mengine mawili yanayosahaulika. La kwanza ni kwamba mitaa mikubwa huweza kuwa na jumuiya mbili juu ya nyumba moja, ya eneo zima na ya kitongoji chako, na kila moja ina ada yake. La pili ni kwamba mpangaji si mwanachama. Kanuni zinamhusu, lakini kura ni ya mwenye nyumba, na faini ya kosa la mpangaji huenda kwa mwenye nyumba.

Umefanikiwa ukiweza kutaja, bila kupapasa, jina rasmi la kila jumuiya inayokuhusu, jina la kampuni inayoisimamia, na majina yaliyo kwenye hati ya nyumba. Mwenzi wako ambaye jina lake halimo kwenye hati, kwa kawaida hana kura.

## Hatua ya 2: Soma nyaraka kwa kufuata nguvu zake

Nyaraka hazina uzito sawa. Juu kabisa ipo sheria ya shirikisho na ya jimbo, kisha tamko la masharti, kisha katiba ya jumuiya, na chini yake kanuni zinazopitishwa na bodi. Bodi haiwezi kutumia kanuni kufuta haki uliyopewa na tamko, na kulibadilisha tamko kwa kawaida kunahitaji kura ya wanachama wengi, mara nyingi theluthi mbili au zaidi. Kwa hiyo ukipewa karatasi ya kanuni, swali lako la kwanza liwe: kifungu gani cha tamko kinaipa bodi mamlaka haya?

Usisome kama gazeti. Anza na sehemu ya matumizi ya nyumba, na upige mstari chini ya kila sentensi inayogusa maisha yako halisi. Madereva wa malori wako wengi miongoni mwetu, na kifungu cha magari ya biashara ndicho kinachowaumiza zaidi. Mtu anaegesha kichwa cha lori mbele ya gereji Ijumaa jioni akipanga kuondoka Jumatatu alfajiri. Jumatano anapokea barua yenye picha ya lori hilo, saa na tarehe zikiwa zimechapwa kwenye kona ya picha, na namba ya kifungu chini yake. Tamko lililokataza lilikuwa kaunti kabla hajanunua nyumba.

Mambo mengine ya kutafuta ni kupangisha nyumba nzima au chumba, kukodisha kwa siku chache, biashara ya nyumbani kama vile kulea watoto au kusuka nywele, idadi na aina ya wanyama, bustani ya mboga mbele ya nyumba, mahali pa wageni kuegesha, na matumizi ya ukumbi wa jumuiya. Anayezoea kufunga hema uani kwa harusi au matanga asome pia vifungu vya miundo ya muda na saa za utulivu.

Soma vilevile nani anatengeneza nini. Katika nyumba zilizounganishwa ukuta kwa ukuta, paa na kuta za nje huweza kuwa za jumuiya au za mwenye nyumba. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua aina ya bima unayohitaji, na kukisia kunaweza kukugharimu.

Onyo. Fanya hatua hii kabla ya kutia saini mkataba wa ununuzi, au weka sharti kwenye mkataba kwamba ununuzi unategemea kuridhika kwako na nyaraka. Baadhi ya majimbo humpa mnunuzi nafasi fupi ya kurudi nyuma. Florida, kwa mfano, mnunuzi wa nyumba iliyo chini ya HOA ambaye hakupewa muhtasari wa taarifa kabla ya kusaini anaweza kufuta mkataba ndani ya siku 3 baada ya kuupokea, ilimradi ununuzi haujakamilishwa. Siku 3 hazitoshi kusoma kurasa mia moja.

### Mambo ambayo HOA haiwezi kukunyima

Sheria ya shirikisho ya makazi ya haki ya 1968, pamoja na marekebisho yake, inakataza ubaguzi kwa misingi ya rangi, asili ya taifa, dini, jinsia, ulemavu na kuwa na watoto. Kanuni inayowakataza watoto kucheza nje popote pale, au inayotekelezwa kwa familia za wahamiaji peke yao, inaweza kulalamikiwa katika idara ya shirikisho ya nyumba, HUD, ndani ya mwaka 1 tangu tukio. Mwenye ulemavu ana haki ya kuomba kanuni ilegezwe kwa kiasi kinachofaa, ikiwemo kuwa na mnyama wa msaada mahali ambapo wanyama wamekatazwa.

Tume ya mawasiliano ya shirikisho, FCC, tangu 1996 inalinda haki ya kufunga dishi la setilaiti lisilozidi kipenyo cha mita 1 katika eneo ambalo ni lako peke yako. Haki hiyo haifiki kwenye paa la pamoja. Bendera ya Marekani nayo inalindwa na sheria ya 2006, ingawa jumuiya inaweza kuweka masharti ya kuridhisha kuhusu mahali na namna ya kuipeperusha.

Umefanikiwa ukiwa na ukurasa mmoja uliouandika mwenyewe, unaoorodhesha vifungu vinavyogusa kaya yako pamoja na namba zake.

## Hatua ya 3: Pima hali ya fedha ya jumuiya

Ada ndogo si lazima iwe habari njema. Ada inalipia mambo ya kila siku, kama vile taa, usafi, bima na mshahara wa kampuni ya usimamizi, lakini inatakiwa pia iweke akiba kwa mambo makubwa yanayokuja kwa miaka: paa, lami, mabomba, lifti.

Chukua mfano wa jumuiya ya nyumba 60 ambayo paa zake zitahitaji kubadilishwa baada ya miaka 10 kwa dola 600,000. Ili fedha ziwepo siku hiyo, kila nyumba inapaswa kuchangia dola 1,000 kwa mwaka, yaani kama dola 83 kwa mwezi, kwa paa peke yake. Jumuiya isipokusanya kitu, siku paa zikianza kuvuja kila mwenye nyumba ataandikiwa mchango maalumu wa dola 10,000, na mchango huo una nguvu ileile ya kisheria kama ada ya kawaida.

Gharama ya kuahirisha si ya fedha peke yake. Jengo la Champlain Towers South huko Surfside, Florida, liliporomoka tarehe 24 Juni 2021 na kuua watu 98, wakati wenye fleti walikuwa wameandikiwa mchango maalumu wa takriban dola milioni 15 kwa matengenezo yaliyosubiri kwa miaka. Baada ya hapo Florida ilitunga sheria inayoyataka majengo ya fleti ya kumilikiwa yenye ghorofa 3 au zaidi yafanyiwe tathmini ya akiba ya miundo kila baada ya miaka 10. Ninaliweka hapa kwa sababu wapo wanaopiga kura ya kupunguza ada kila mwaka wakiamini wanajisaidia.

Fungua tathmini ya akiba na utafute asilimia ya akiba iliyopo ikilinganishwa na inayotakiwa. Kisha soma kumbukumbu za mikutano, na hapa usiharakishe, kwa maana ndipo penye ukweli ambao bajeti haisemi: wanachama wangapi wanadaiwa, kesi zipi ziko mahakamani, bima imepanda mara ngapi, mkandarasi gani ameombwa makadirio ya paa. Kichwa cha habari kinachosema "mjadala wa lami umeahirishwa" kikijirudia mikutano mitatu mfululizo, mchango maalumu unakuja.

Angalia pia kikomo cha bodi. California, bodi haiwezi kupandisha ada ya kawaida kwa zaidi ya 20% ya ile ya mwaka uliotangulia, wala kutoza michango maalumu inayozidi 5% ya matumizi yaliyokadiriwa ya mwaka huo, bila kura ya wanachama, isipokuwa kwa dharura. Majimbo mengine huliacha jambo hili kwa tamko lenyewe.

Wakati wa kuomba mkopo wa nyumba, benki huijumlisha ada ya HOA katika madeni yako ya kila mwezi. Mwambie afisa wa mkopo kiasi kamili mapema, la sivyo uwezo wako wa kulipa utaonekana mkubwa kuliko ulivyo.

Umefanikiwa ukijua ada yako, kiasi kinachokwenda kwenye akiba, na matengenezo makubwa yaliyo karibu zaidi.

## Hatua ya 4: Panga malipo ya ada yasikatike

Wengi hudhani ada ya HOA imo ndani ya malipo ya mkopo wa nyumba, kwa kuwa kodi ya ardhi na bima zimo. Kwa kawaida haimo. Benki inalipa kodi na bima kutoka akaunti maalumu ya mkopo, lakini ada ya HOA unailipa mwenyewe, moja kwa moja. Usisubiri ankara, kwa sababu katika jumuiya nyingi wajibu wa kulipa upo hata kama ankara haikufika.

1. Wiki ya kwanza baada ya kukabidhiwa nyumba, iandikie kampuni ya usimamizi, uipe anwani yako ya posta na barua pepe, na uombe salio la akaunti yako kwa maandishi. Anayepangisha nyumba au anayeishi jimbo jingine azingatie hili zaidi, maana barua za onyo hutumwa kwenye anwani iliyo kwenye kumbukumbu, na sheria huzihesabu kuwa zimefika.

2. Weka malipo ya kujiendesha kutoka benki, siku 5 kabla ya tarehe ya mwisho.

3. Jumuiya ikibadilisha kampuni ya usimamizi, simamisha malipo ya zamani na uanzishe mapya siku hiyohiyo. Katika kipindi hiki fedha hupotelea kwenye akaunti iliyofungwa, na aliyekuwa mlipaji mwaminifu anajikuta katika orodha ya wadaiwa.

4. Kila Januari, linganisha ada mpya na kiasi kilichowekwa benki. Ada ikipanda kwa dola 12 na benki ikaendelea kutuma kiasi cha zamani, mwisho wa mwaka una upungufu wa dola 144 pamoja na faini ya kuchelewa ya kila mwezi.

5. Tunza risiti kwa miaka kadhaa.

Onyo. Usikate sehemu ya ada kufidia huduma ambayo hukuipata. Taa za maegesho zikikaa miezi bila kutengenezwa, una haki ya kulalamika, kuwasilisha hoja mkutanoni, na hata kushtaki. Huna, kwa kawaida, haki ya kupunguza ada. Mahakama hutazama ada kama wajibu unaojitegemea, kwa kuwa bima na umeme wa jumuiya hulipwa kwa fedha za wote.

Kuhusu kodi ya mapato: ada ya nyumba unayoishi haipunguzi kodi ya shirikisho, bali ada ya nyumba unayoipangisha huhesabiwa kama gharama ya biashara ya upangishaji.

Umefanikiwa ikiwa taarifa ya akaunti yako inasoma sifuri miezi 3 mfululizo.

## Hatua ya 5: Omba idhini kabla ya kugusa nje ya nyumba

Rangi ya mlango, uzio, banda, mti, sola, njia ya zege: vyote huhitaji idhini ya kamati ya usanifu katika jumuiya nyingi. Kibali cha ujenzi cha mji hakitoshi. Mji unaangalia usalama na HOA inaangalia masharti ya tamko. Unahitaji vyote viwili.

Peleka ombi lenye mchoro, vipimo, aina ya malighafi, namba ya rangi na picha ya sehemu husika. Omba uthibitisho wa tarehe ya kupokelewa, kwani baadhi ya matamko husema ombi lisilojibiwa ndani ya muda fulani limekubaliwa, na mengine husema limekataliwa. Idhini ya mdomo kutoka kwa mjumbe wa bodi mliyekutana naye njiani haina thamani siku bodi ikibadilika.

Umefanikiwa ukiwa na barua ya idhini mkononi kabla fundi hajaleta vifaa.

## Hatua ya 6: Jibu barua ya onyo kwa utaratibu

Barua imefika. Iwe ni ya haki au ya uonevu, utaratibu ni mmoja.

Kwanza, soma tarehe. Hesabu huweza kuanza siku barua ilipotumwa na si siku ulipoifungua. Texas, mwenye nyumba huomba kusikilizwa na bodi ndani ya siku 30 tangu barua ilipotumwa kwa posta, na kabla ya kutozwa faini kwa kosa linaloweza kurekebishwa lazima apewe muda wa kutosha wa kulirekebisha. Florida, faini haiwezi kutozwa bila taarifa ya siku 14 na nafasi ya kusikilizwa mbele ya kamati ya watu wasiopungua 3 ambao si wajumbe wa bodi, si maofisa, si waajiriwa wake, wala ndugu zao wa karibu. Anayepokea barua za HOA na kuzirundika juu ya friji mpaka mwisho wa mwezi anapoteza haki hizi bila kujua.

Pili, tafuta kifungu. Barua itaje kifungu kilichovunjwa. Isipotaja, jibu kwa kuuliza. Ikitaja, fungua tamko na ulinganishe maneno kwa maneno.

Tatu, piga picha. Piga hali ilivyo leo, na kama kosa limekwisha rekebishwa, piga pia hali mpya. Kama nyumba nyingine zina jambo lilelile na hazikuandikiwa, zipige kutoka barabarani, bila kuingia viwanja vya watu. Utekelezaji wa kubagua ni hoja ambayo mahakama huisikiliza.

Nne, jibu kwa maandishi. Tuma barua ya rejista yenye uthibitisho wa kupokelewa, na nakala kwa barua pepe. Barua iwe fupi, kwa mfano:

"Nimepokea barua yenu ya tarehe fulani kuhusu kifungu fulani. Ninaomba kusikilizwa na bodi kabla ya uamuzi wowote wa faini. Ninaomba pia nakala ya picha, kumbukumbu na kanuni mlizotumia. Ada yangu ya kawaida imelipwa na itaendelea kulipwa kwa tarehe yake."

Barua halisi utaiandika kwa Kiingereza. Sentensi ya mwisho usiiache: inaweka wazi kwamba ugomvi huu hauhusu ada, na wakili wa jumuiya akiisoma anajua hana deni la ada la kulitumia dhidi yako.

Tano, hudhuria. Nenda na nakala za kila karatasi kwa kila mjumbe. Kama Kiingereza chako si chepesi, nenda na mtu wa kukutafsiria, na utoe taarifa mapema. Eleza jambo lenyewe, onyesha picha, sema unachoomba: faini ifutwe, muda uongezwe, au kanuni ilegezwe. Ukikosea kweli, kiri, onyesha marekebisho na uombe faini isitozwe. Bodi nyingi zinataka kosa liishe kuliko zinavyotaka fedha.

Ukubwa wa faini una mipaka pia. Florida, faini haizidi dola 100 kwa kosa kwa siku na dola 1,000 kwa jumla, isipokuwa nyaraka za jumuiya ziseme vingine, na faini iliyo chini ya dola 1,000 haiwezi kugeuzwa zuio juu ya nyumba. Texas, nyumba haiwezi kuuzwa kwa deni ambalo ni la faini tupu.

Umefanikiwa ukiwa na uamuzi ulioandikwa. Simu ya kusema "tumeyamaliza" haitoshi. Jibu kwa barua pepe ukieleza mlichokubaliana na uombe wathibitishe.

## Hatua ya 7: Ukiwa tayari umechelewa

Ada isiyolipwa huzaa riba, faini ya kuchelewa na gharama za wakili. Kisha jumuiya huandikisha zuio katika kumbukumbu za kaunti, ambalo hukuzuia kuuza au kubadili mkopo bila kulilipa. Mwisho wake, katika majimbo mengi, ni nyumba kuuzwa kwa mnada hata kama mkopo wa benki unalipwa vizuri. Watu hawaamini hili mpaka waone tangazo.

Omba mchanganuo kamili wa deni kwanza: ada kiasi gani, riba kiasi gani, mawakili kiasi gani. Deni likiwa kwa kampuni ya kukusanya madeni, sheria ya shirikisho hukupa siku 30 baada ya taarifa yao ya awali kulipinga kwa maandishi na kudai uthibitisho.

Kisha jua fedha yako inaingia wapi. Tuseme unadaiwa ada dola 1,000, na riba na gharama za wakili dola 900, ukalipa dola 1,000. Florida, malipo huanza kufuta riba, faini za kuchelewa na gharama, kwa hiyo ada inapungua kwa dola 100 tu. Texas, malipo huanza na ada iliyochelewa, kwa hiyo dola 1,000 zote zinaifuta, ila kama ulishavunja mpango wa malipo uliopita. Kiasi kilekile, siku ileile, na matokeo mawili tofauti kabisa.

Omba mpango wa malipo kabla ya zuio. Texas inazitaka jumuiya zenye viwanja zaidi ya 14 ziwe na utaratibu wa mpango wa malipo usiopungua miezi 3. California, jumuiya haiwezi kuinadi nyumba mpaka ada inayodaiwa, bila kuhesabu riba na gharama, ifike dola 1,800 au ipitishe miezi 12. Florida, mdaiwa hupewa taarifa ya siku 45 kabla ya zuio kuandikishwa, na siku 45 nyingine kabla ya kufunguliwa kesi ya kuuza nyumba.

Kama karatasi ya mahakama imefika, hatua hii imekwisha na wakili ndiye anayefuata. Ofisi za msaada wa kisheria wa bure zipo katika kila jimbo kwa wenye kipato kidogo. Hata mnada ukishafanyika, yapo majimbo yanayoruhusu kukomboa nyumba: Texas siku 180 kwa kawaida, California siku 90 kama mnada haukupitia mahakamani.

Umefanikiwa ukipata makubaliano yaliyosainiwa, na baada ya malipo ya mwisho, hati ya kufuta zuio iliyoandikishwa kaunti. Usikubali risiti peke yake. Nenda kaunti ukaione.

## Hatua ya 8: Tumia kura yako

Mkutano wa mwaka hushindwa mara nyingi kwa kukosa akidi, na bodi ileile inaendelea. Kama huwezi kuhudhuria, saini fomu ya uwakilishi na umpe jirani unayemwamini badala ya kuiacha wazi kwa bodi. Kumbuka kwamba mwenye madeni huweza kunyimwa kura au nafasi ya kugombea.

Katika mtaa mpya, mjenzi ndiye anayeshika bodi mpaka auze sehemu kubwa ya nyumba. Florida, kwa kawaida, wanachama huichukua miezi 3 baada ya 90% ya viwanja kuuzwa. Siku ya makabidhiano, daini ukaguzi wa hesabu na wa majengo kabla muda wa dhamana ya mjenzi haujapita.

Umefanikiwa ukiwa na tarehe ya mkutano ujao kwenye kalenda na ukijua jina la mweka hazina.

## Hatua ya 9: Unapouza au kupangisha

Kwa kuuza, agiza mapema cheti cha hali ya madeni kutoka kwa jumuiya. Kinaonyesha ada, michango maalumu iliyopitishwa na makosa yaliyo wazi, na kina ada yake na muda wake wa kuisha. Kosa la uzio la miaka miwili iliyopita ambalo hukulifunga kwa maandishi litajitokeza hapa, wiki moja kabla ya mnunuzi kulipa.

Kwa kupangisha, soma kama kuna kikomo cha idadi ya nyumba zinazopangishwa au muda mfupi unaokatazwa. Ambatisha kanuni kwenye mkataba wa mpangaji, aweke saini kwamba amezipokea, na uandike kwamba faini zitakazotokana naye atazilipa yeye. Ada iendelee kulipwa na wewe mwenyewe, kutoka akaunti yako. Baada ya mauzo, usizime malipo ya kujiendesha mpaka kampuni ya usimamizi ithibitishe kwa maandishi kwamba akaunti imehamia kwa mwenye nyumba mpya.